Mahindi Yalipohamia Chumbani

Kwa susu wangu, Makueni, chumba cha wageni kina kitanda kimoja na magunia sita ya mahindi. Likizo ya Aprili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mavuno ya Februari bado yalikuwa yamejaa na mgeni alipewa kona iliyobaki. Usiku watu wakishalala, ulianza kusikia kitu: krr, krr, krr, taratibu, kama mtu anakwaruza mbao kwa ukucha. Mara ya kwanza nilidhani ni panya. Susu alicheka. "Huyo ni Osama," akasema, akazima taa.

Nje, nyuma ya jiko, kuna mawe manne yaliyopangwa mraba. Kuku hupenda kulala hapo. Juu ya mawe hayo zamani palisimama ghala, ikumbi kwa Kikamba. Nilikuwa tayari mtu mzima, nimeshahamia Nairobi na kununua unga wa pakiti kama kila mtu, ndipo nikajiuliza swali ambalo ningefaa kulijua tangu utotoni: kama ghala lilikuwa pale nje, mahindi yalifikaje chumbani?

Ni swali dogo kwa macho. Lakini kati ya Januari na Julai 2004, Wakenya 125 walikufa kwa kula mahindi, wengi wao Makueni na Kitui. Wengi walikula mahindi waliyoyapanda na kuyavuna wao wenyewe. Na mahali yalipolazwa palikuwa sehemu ya kisa.

Hebu tuanze na ghala lenyewe, manake siku hizi tunalijua zaidi kama pambo la makumbusho, kikapu kikubwa chenye kofia ya nyasi. Waluo huliita dero. Wakikuyu, kama Wakamba, husema ikumbi. Maumbo hutofautiana, ila akili iliyo ndani yake ni moja. Ni fito zilizosukwa, zikainuliwa kutoka ardhini kwa mawe au miti, na paa lililochomoza kupita kuta. Likiinuliwa hivyo, unyevu wa ardhi haufiki, na panya inabidi afanye kazi ya ziada kupanda. Fito zikiachiwa nafasi, upepo unapita katikati. Dero halina mlango wa pembeni kama wa nyumba. Unainua paa kwa kijiti, kama mtu anayechungulia sufuria. Pwani wengi waliweka nafaka kwenye uchaga juu ya meko, moshi ukawa unakausha na kufukuza wadudu kwa wakati mmoja. Kwingine nafaka ilichanganywa na majivu, au majani yenye harufu kali yakatandazwa chini.

Kitu ambacho mimi nilikosa kuelewa ni kwamba ghala halikuwa tu mahali pa kuweka. Lilikuwa mashine ya kukaushia. Punje ya mahindi ni mbegu, iko hai, inapumua polepole na kutoa joto na maji kidogo. Ili ikae miezi mingi bila kuharibika, unyevu wake unatakiwa ushuke hadi asilimia 13.5 hivi. Mahindi yanayotoka shambani huwa na unyevu mwingi kuliko huo. Yakiwekwa kwenye ghala la fito yakiwa bado kwenye magunzi, hewa ikipita kati ya gunzi na gunzi, yanaendelea kukauka wiki baada ya wiki hata kama hukuwa makini sana juani. Ghala lilisamehe uzembe.

Lilikuwa pia na mwenyewe. Kwa Wakikuyu kila mke alikuwa na nyumba yake na ghala lake, na chakula kilichomo kilikuwa mikononi mwake. Yeye ndiye aliyejua kimebaki kiasi gani, na yeye ndiye aliyeamua nani apewe na nani aambiwe arudi kesho.

Halafu kuna suala la kilichowekwa mle ndani. Kabla mahindi hayajatawala, ghala nyingi za bara zilijaa wimbi na mtama. Wimbi ni maajabu ya kuhifadhi. Punje yake ni ndogo mno. Fukusi, ambaye hutaga yai ndani ya punje ili mtoto wake akulie humo, hapati nyumba ya kumtosha. Wimbi lililokauka vizuri hukaa miaka mingi, likasubiri ukame uje. Kwa watu walioishi mahali ambapo mvua hukosa kila baada ya miaka kadhaa, hiyo ndiyo ilikuwa bima.

Mahindi yalifika pwani yetu na Wareno, karne ya 16, lakini kwa miaka mingi yalikuwa zao la pembeni. Karne ya 20 ndiyo iliyoyapandisha cheo. Walowezi walileta mbegu nyeupe kutoka Afrika Kusini, ile ya Hickory King, na mashamba yao yakalisha vibarua kwa posho ya unga. Kwa wakulima wadogo kulikuwa na sababu nyingine ambayo mimi naipenda kwa jinsi ilivyo ya nyumbani: mahindi yamevaa maganda. Wimbi na mtama vinahitaji mtoto wa kufukuza ndege kutwa nzima. Mtoto akienda shule, nani atafukuza ndege?

Kwa hiyo tuliacha nafaka inayojilinda tukashika inayohitaji ulinzi. Hakuna aliyedanganywa. Mahindi yalizaa zaidi na kazi yake ilikuwa nyepesi. Ila gharama ilihamia upande wa ghala, na ilichukua muda kabla watu hawajaiona.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliamua kwamba mahindi ni jambo la usalama. Mwaka wa 1942 ikaanzisha udhibiti wa mahindi: serikali ndiyo inunue, serikali ndiyo ipange bei, na bei ya mkulima Mzungu ikawa juu kuliko ya Mwafrika. Mwaka uliofuata, 1943, njaa ikaingia. Wakikuyu wanaiita Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo. Wakamba wanaiita Mwolyo, kwa jina la chakula cha msaada walichopanga foleni kukipokea. Tume ikaundwa mwaka huo huo kuchunguza upungufu wa chakula. Vita vikaisha, udhibiti ukabaki. Uhuru ukaja, udhibiti ukabaki. Bodi zikabadilisha majina hadi mwaka wa 1979 zikaunganishwa kuwa NCPB, na bado mtu hakuruhusiwa kuvusha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine, zaidi ya magunia machache, bila kibali. Vizuizi hivyo viliondolewa kabisa mwishoni mwa 1993. Nusu karne nzima. Wazazi wetu walikua wakijua kwamba lori la mahindi ni kitu cha kusimamishwa na polisi.

Sitaki kusema bodi ilikuwa mbaya tu. Ilinunua kwa bei inayojulikana, na kwa mkulima wa Kitale hiyo ilikuwa maisha. Ila ilifundisha tabia fulani. Makao ya nafaka sasa yalikuwa mjini, kwenye bohari yenye mlango wa chuma. Nyumbani unavuna, unauza upesi kwa sababu karo inadaiwa, kisha miezi michache baadaye unanunua tena dukani kwa gorogoro, kwa bei ambayo ukiipiga hesabu unakasirika. Ghala likawa kituo cha kupitia tu, na kitu kinachotumika wiki chache hakuna mtu anayepoteza siku kukisukia fito mpya.

Wakamba huzipa njaa majina, na ukiyapanga ni kama kusoma kitabu cha historia. Ya 1961 ni Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa sababu chakula kiliangushwa kutoka angani. Ya 1984 wanaiita Nikw'a Ngwete: nakufa nikiwa nimeshika. Umeshika nini? Pesa. Watu walikuwa na noti mkononi na duka halina kitu. Serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na hadi leo ukimtajia mtu wa umri fulani mahindi ya manjano, uso wake unabadilika. Mimi jina hilo la Nikw'a Ngwete ndilo linanirudia kichwani kuliko mengine yote. Kizazi kilichotangulia kingekuwa na wimbi kwenye ghala.

Wakati huo mbegu nayo ilikuwa imebadilika. Mwaka wa 1964 watafiti wa Kitale walitoa Hybrid 611, na wakulima wadogo wakaikimbilia, kwa haki kabisa. Mavuno yalipanda vizuri sana. Lakini chotara nyingi za aina hiyo zina punje laini kuliko mbegu za kienyeji, na mara nyingi ganda halifuniki ncha ya gunzi sawasawa. Fukusi anaanza kula mahindi yakiwa bado shambani, kisha anabebwa nyumbani pamoja nayo.

Hapo bado hatujafika kwa Osama.

Jina la kisayansi ni Prostephanus truncatus. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia Tanzania, akaonekana kwanza maeneo ya Tabora, na Watanzania wakampa jina la Dumuzi, wengine wakamwita Skania, kama lori. Mwaka wa 1983 alikuwa ameshavuka hadi Taveta. Jina la Osama alipewa na Wakenya baadaye, kwa sababu unazozielewa. Ni mdudu mdogo mweusi-kahawia, urefu wa milimita tatu au nne, kichwa kimeinamishwa chini kama anayesukuma mkokoteni. Fukusi wa kawaida hula punje pole pole. Huyu hutoboa hata asipokuwa na njaa, anageuza mahindi kuwa vumbi, na Tanzania ilipopima hasara ya mwanzoni, takriban theluthi ya uzani ilikuwa imepotea kwa miezi michache tu. Tena anakula mbao. Soma tena: anakula mbao. Nguzo na fito za ghala zikawa nyumba yake. Ukimaliza mahindi yote, ukafagia, ukasubiri msimu ujao, yeye alikuwa amejificha ukutani akisubiri pia.

Sasa angalia kilichofuata, kwa sababu hapa ndipo swali langu la magunia sita linapata jibu. Huyu mdudu hustawi zaidi mahindi yakiwa kwenye gunzi, ambapo punje zimeshikana na anapata pa kujiegemeza. Ushauri wa wataalamu ukawa: pukuchua, changanya na dawa ya unga, weka kwenye gunia. Dawa yenyewe ilibidi iwe na sumu mbili ndani yake, moja ya kumuua Osama na nyingine ya kumuua fukusi, kwa sababu kila mmoja alistahimili sumu ya mwenzake. Ulikuwa ushauri sahihi. Mahindi mengi yaliokolewa. Lakini mahindi yaliyopukuchuliwa hayakai kwenye ghala la fito, yatamwagika. Yanataka gunia. Na gunia haliachwi nje. Gunia lina bei inayojulikana, kilo 90, mwizi analibeba begani na asubuhi limeshauzwa sokoni. Gunzi elfu moja kwenye ikumbi nani angeziiba usiku mmoja?

Kwa hiyo mahindi yakaingia ndani ya nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa imebadilika pia: kuta za matofali, paa la mabati, dirisha dogo linalofungwa usiku, sakafu ya saruji au udongo. Hakuna moshi, hakuna upepo. Ile mashine ya kukaushia ilikuwa imeondolewa na hakuna aliyetangaza.

Februari 2004 mvua ilinyesha Ukambani wakati wa kuvuna, wakati ambao jua ndilo lingetakiwa. Mwaka uliotangulia haukuwa mzuri, watu walikuwa na njaa na walikuwa na hofu ya wezi. Mahindi yakavunwa mabichi-mabichi yakaingizwa ndani. Kufikia Aprili hospitali zilianza kupokea watu wenye macho ya manjano na matumbo yaliyovimba. Familia nzima nzima. Waliohesabiwa hadi Julai walikuwa 317, na 125 kati yao wakafa.

Sumu ile hutengenezwa na kuvu anayeitwa Aspergillus flavus, na kwa Kiswahili imepata jina zuri, sumukuvu. Dunia ilianza kuifahamu mwaka wa 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Haina harufu, haina ladha. Ukiipika ugali saa nzima bado iko. Na haikuwa ngeni kwetu: mwaka wa 1981, huko huko Machakos, watu 20 walilazwa na 12 wakafa, na mbwa wa maboma yale walikuwa wamekufa kabla ya watu. Miaka 23 ikapita kati ya tukio la kwanza na la pili.

Watafiti walipolinganisha nyumba zilizopata wagonjwa na majirani zao waliobaki salama mwaka ule wa 2004, waliuliza maswali mengi, na moja lilihusu mahali pa kuhifadhi. Waliougua walielekea zaidi kuwa wameweka mahindi ndani ya nyumba badala ya ghalani. Nilisoma sentensi hiyo kwenye simu, ndani ya matatu, Mombasa Road, nikakumbuka kitanda changu cha Aprili. Tulikuwa na bahati tu. Labda susu alivuna wiki moja mapema.

Kama unadhani ni mambo ya ushago, kumbuka kwamba mahindi ya maduka ya eneo hilo nayo yalipimwa mwaka ule, na zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango kilichoruhusiwa. Mkulima aliyekosa karo aliuza, mfanyabiashara akachanganya, kinu kikasaga. Mwaka wa 2010 mvua ilikuwa nzuri, mavuno yakajaa, na yakajaa sumu pia. Novemba 2019 shirika la viwango lilisimamisha chapa tano za unga, na mtandaoni watu wakafanya utani kuhusu ugali wa hatari. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, kana kwamba kuvu hubeba pasipoti.

Kinachoniudhi ni kwamba ujuzi ulikuwepo. Miaka ya 1960 serikali ya Kenya ilijenga Nakuru na Kitale mashimo makubwa ya zege yaliyozama nusu ardhini, mtindo uliotoka Cyprus na ukabaki na jina hilo. Yalizibwa hewa isipite. Mdudu aliyefungiwa mle hutumia oksijeni iliyopo, ikiisha naye ameisha. Mahindi ya akiba yalikaa humo zaidi ya miaka mitatu yakiwa mazima. Yaani tulijua. Nafaka ya taifa ililala mahali pasipo na hewa, nafaka ya susu ikalala chini ya dirisha langu ikikwaruzwa.

Ilichukua takriban miaka 50 kwa wazo lile lile kufika kijijini, na lilifika likiwa mfuko. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa chuo cha Purdue, Marekani, walikuwa Cameroon wakijaribu kuokoa kunde. Wakaishia na mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya gunia moja la kawaida, kila mmoja umefungwa kivyake. Ndiyo PICS unayoiona kwenye maduka ya pembejeo, shilingi mia mbili na kitu hadi mia tatu. Hakuna dawa. Na mdudu hafi kwa kukosa pumzi kama nilivyodhani: oksijeni ikipungua anaacha kula, na kwa kuwa maji yake huyatengeneza mwilini kutokana na chakula na oksijeni, hufa kwa kiu. Juu ya mahindi, gizani, kwa kiu. Samahani, mimi nilifurahi.

Kuna silo za mabati pia, mapipa yanayotengenezwa na mafundi wa kawaida, unawasha mshumaa juu ya nafaka kabla ya kufunga ili umalize hewa. Nzuri, kama una pesa na una kivuli. Ukiisimamisha juani, mchana inapata moto, usiku inapoa, unyevu unasafiri kutoka punje zenye joto hadi sehemu baridi, unakuwa matone chini ya kifuniko, na tabaka la juu linaota ukungu wakati wewe unajua umefunga vizuri.

Na hapo ndipo mfuko na silo vinapofanana na kutofautiana na ikumbi. Havisamehe. Kitu kisichopitisha hewa huhifadhi kile ulichokiweka. Ukiweka kikavu, kitabaki kikavu. Ukiweka chenye unyevu, umeufungia ndani pamoja na kuvu wake. Kazi yote ya upepo sasa inabidi ifanyike kabla, kwenye turubai, na mtu lazima ajue lini imeisha.

Mwaka huu nilimpelekea susu mifuko minne. Aliishika akaigeuza, akauliza bei, akasema ni ghali. Kisha akaenda jikoni akarudi na chupa ya soda iliyokaushwa na chumvi kidogo kwenye kiganja. Alifundishwa kwenye mkutano wa chifu baada ya mwaka ule, alisema, bila kuutaja mwaka. Akatia chumvi, akatia mahindi hadi robo ya chupa, akaziba kwa kidole gumba akatikisa, akaiacha itulie, kisha akaiinua kuelekea mwangani. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo, kama umande.

"Bado," akasema. Tukayamwaga tena kwenye turubai.